Land Rover 109 ya mwaka 1976 iliyobeba chumvi: nianze na injini au na chasisi?

Mwalimu wa Mikindani ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Familia imenikabidhi pikapu ya marehemu mjomba wangu, Land Rover Series III yenye chasisi ndefu ya inchi 109 na injini ya petroli ya silinda 4, ya mwaka 1976. Kwa miaka mingi gari hili lilibeba chumvi kutoka mashamba ya chumvi ya ukanda huu wa pwani, na msimu wa korosho ulipofika lilipanda Newala na kushuka na magunia. Mjomba alipoanza kuugua liliegeshwa chini ya mwembe nyuma ya nyumba, na tangu hapo halijawashwa. Ninataka kulitengeneza mwenyewe hapa nyumbani, kidogo kidogo, kadiri mshahara unavyoruhusu. Si la kuuza. Tumekubaliana libaki katika familia na lifanye kazi za shamba.

Hali yake ni hii. Bodi ukiitazama kwa mbali ni nzima na imepauka rangi tu, lakini kwenye maungio ya milango na pembe za bodi ya nyuma kuna unga mweupe unaochomoza chini ya rangi. Chini ya gari chasisi imevimba kutu inayobanduka kwa matabaka, zaidi upande wa nyuma, kwenye mashikio ya springi. Betri imekufa, kwa hiyo sijui kama injini inazunguka, ingawa hendeli ya kuzungushia kwa mkono ipo. Pedali ya breki inazama mpaka sakafuni bila kukaza. Ndani ya tangi kuna mabaki ya petroli yenye harufu kali inayofanana na ya rangi.

Nina seti ya spana za inchi alizoziacha mjomba, jeki moja ya chupa, nyundo na brashi za waya, na uwanja wetu ni wa mchanga. Fundi mmoja wa mtaani amenishauri niing'oe injini hii, niweke ya dizeli ya Toyota iliyotumika, kisha nipake rangi na gari litakuwa tayari. Binamu yangu naye anasema niiwashe kwanza injini iliyopo, kwa kuwa hakuna haja ya kugharamia gari ambalo halijulikani kama lina uhai. Naomba ushauri wa wenye uzoefu: nianzie wapi, je, chasisi ya namna hii inaweza kutengenezwa nyumbani, na shauri la kubadilisha injini lina maana?

Mzee wa Ligula amejibu:

Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuondokewa na mjomba.

Anza na chasisi, na usitumie hata shilingi moja kwenye injini mpaka ujue kama ipo chasisi ya kuibeba. Nasisitiza hivyo kwa sababu Land Rover za aina hii huwadanganya watu kwa bodi yake. Sehemu kubwa ya bati lake la nje ni aloi ya alumini, ambayo haishiki kutu nyekundu, kwa hiyo gari linaweza kumpendeza anayelitazama hali chuma kilicho chini yake kimeshakuwa chembamba cha kutobolewa kwa bisibisi. Chasisi, ukuta ulio mbele ya miguu ya dereva na fremu za milango ni vya chuma, na hivyo ndivyo vinavyoliua gari. Huo unga mweupe ulioueleza ni alumini yenyewe inayoliwa pale inapogusana na chuma. Metali mbili zisizo za jinsi moja zikikutana, na katikati yake pakawa na unyevu wenye chumvi, hupita mkondo mdogo wa umeme, na katika jozi hiyo alumini ndiyo inayotangulia kuliwa. Gari lililobeba chumvi kisha likalala Mikindani, ambako upepo wa bahari haukosi mchana wala usiku, limekuwa katika hali hiyo miaka yote.

Jambo la pili la kuelewa ni umbo la chasisi yenyewe. Mihimili yake miwili mirefu ni maboksi yaliyofungwa pande zote, yaliyoundwa kwa mabati ya chuma ya unene wa takriban milimita 2 yaliyochomelewa pembeni. Maji ya chumvi huingia kwa matundu madogo, tope huziba njia za kutokea, na kutu huanza ndani na kula kuelekea nje. Ndiyo maana chasisi ikionyesha kovu dogo kwa nje, ndani huwa pameharibika zaidi ya hapo.

Kazi yako ya kwanza basi ni maji, na brashi ya waya ifuate baadaye. Osha chasisi yote kwa maji yasiyo na chumvi, nje na ndani ya maboksi, ukiingiza mpira wa maji kwenye kila tundu mpaka yanayotoka chini yawe safi, na urudie kazi hiyo zaidi ya mara moja, ukiacha pakauke katikati. Chumvi hujificha katika vishimo vya kutu, na rangi yoyote ukiipaka juu yake, hata iwe ghali kiasi gani, itavimba na kubanduka kabla msimu haujaisha. Kama kisima chenu kina maji ya chumvichumvi, usiyatumie kwa kazi hii; kinga ya mvua kutoka bati la nyumba, au nunua ya bomba.

Ikishakauka, chukua nyundo ndogo upite nayo chasisi nzima, ukigonga kila baada ya sentimita chache. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti iliyokufa na nyundo inabonyea. Weka alama ya chaki kila palipobonyea. Usiogope kutoboa, maana tundu litakalotokea leo chini ya nyundo lilikuwa tayari kutokea kesho ukiwa na mzigo. Kagua kwa bidii mhimili wa mwisho wa nyuma, mashikio ya springi yote, ile mikono inayotoka pembeni mwa chasisi kubeba bodi, na sehemu za chini za nguzo za milango. Kisha ondoa mazulia uangalie mahali dereva na abiria wanapoweka miguu.

Matokeo ya nyundo ndiyo yatakayokupa uamuzi. Kama kilichooza ni ncha ya nyuma, mikono ya pembeni na mashikio mawili matatu, chasisi inatengenezeka, na gharama yake haitakushinda. Kama mihimili mirefu yenyewe imebonyea sehemu nyingi katikati, hapo ni kutafuta chasisi nyingine, na ni afadhali kulijua hilo kabla hujanunua hata plagi moja.

Kuchomelea usijifundishie kwenye chasisi. Mwite mchomeleaji mzuri aje nyumbani na mashine yake, lakini maandalizi yafanye wewe. Toa tangi la petroli, ambalo kwenye pikapu hii liko chini ya kiti, ulipeleke mbali kabisa; tenganisha betri na waya za oltaneta; ondoa kila kinachoweza kushika moto. Chuma kilichooza kikatwe mpaka kufikia kilicho kizima, maana kiraka kilichochomelewa juu ya kutu hakishikilii kitu. Kiraka kiwe cha milimita 2 au 3, na kingo zake zikatwe kwa mshazari, kwa sababu mstari wa kuchomelea unaokata mhimili wima kutoka juu hadi chini ndipo chasisi inapopasukia baadaye. Tengenezeni sehemu moja na kuimaliza kabla ya kukata nyingine, gari likiwa limekaa sawa juu ya ekseli zake, na pimeni kwa utepe kutoka pembe hadi pembe, kabla na baada, ili chasisi isipinde. Matundu ya kutolea maji chini ya maboksi yaachwe wazi.

Na kwa kuwa umesema uwanja ni wa mchanga: jeki ya chupa ikisimama juu ya mchanga huzama upande mmoja na gari huanguka. Weka kwanza ubao mnene na mpana chini ya jeki, na ukishainua gari lipumzishe juu ya magogo magumu yaliyokatwa sawasawa au stendi za chuma. Tofali la saruji lisitumike kabisa, kwani hupasuka ghafla bila kutoa dalili.

Mtoto wa Masasi amejibu:

Mwalimu, Mzee amesema kweli na sina la kupunguza. Mimi nataka kukuondolea hofu kuhusu injini, pamoja na hiyo tamaa uliyotiwa ya kuing'oa.

Injini hiyo ya sentimita za ujazo 2,286 ni miongoni mwa zilizo rahisi kutengenezwa kwa mkono. Bloku na silinda hedi yake ni vya chuma cha kalibu, mgandamizo wake ni mdogo, wa 7 kwa 1 au 8 kwa 1, na karibu kila kitu unakifikia bila kutambaa chini ya gari. Ina adabu moja tu, nayo ni kwamba haipendi kuharakishwa inapoamshwa baada ya kulala muda mrefu.

Usiunganishe betri kwanza, na usikubali mtu alivute gari kwa kamba ili "lishtuke". Toa plagi zote nne, mimina ndani ya kila silinda kiasi cha vijiko viwili vya mchanganyiko wa dizeli na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, kisha uache kwa siku kadhaa ili yapenye kwenye ringi za pistoni. Wakati unasubiri, fungua kifuniko cha juu utazame vali. Gonga taratibu kwa mpini wa nyundo ncha ya kila vali uone kama inashuka na kurudi, kwa kuwa vali iliyoganda ikilazimishwa hupinda fito inayoisukuma, na kazi ya saa moja inageuka kuwa ya mwezi. Halafu mwaga oili ya zamani. Ikitoka nyeupe kama uji, maji yameingia, na itabidi gasketi ya silinda hedi ikaguliwe. Weka oili mpya ya 20W-50, ambayo injini hii inahitaji takriban lita 6 na nyongeza kidogo kwa ajili ya chujio, ndipo ushike hendeli. Hakikisha gia iko huru. Sukuma mbele kidogo, rudisha nyuma kidogo, bila kuruka juu yake. Ikikubali mzunguko mzima, endelea kuizungusha plagi zikiwa nje mpaka oili ifike juu kwenye vali, na hapo ndipo betri ina kazi.

Petroli iliyomo tangini isifike kwenye injini. Petroli ikikaa miaka hupoteza sehemu zake nyepesi na kubaki utomvu unaoganda kwenye vijia vya kabureta. Kwa kuwashia mara ya kwanza tumia dumu dogo la petroli mpya lenye mpira wake, liwe mbali na moto, na tangi lioshwe kando. Likiwa limetoboka, peleka likazibwe na mwenye ujuzi wa matangi, kwa sababu mvuke wa petroli hubaki ndani hata tangi likionekana kavu, na watu wamekufa kwa kuchomelea matangi "matupu".

Kabureta ikiwa ni ile ya Zenith, elewa ugonjwa wake wa kudumu: nyuso mbili zinazokutana kati ya kipande cha juu na cha chini hupinda kwa joto, hewa na petroli vikapita pasipotakiwa, na injini ikawa inatetemeka gari likiwa limesimama na kukataa kutulia hata ubadilishe plagi na koili. Dawa yake ni kipande cha kioo bapa na msasa laini juu yake. Sugua uso wa kabureta kwa mzunguko, bila kukandamiza, mpaka ung'ae sawasawa kote, kisha weka gasketi mpya na ile ringi ndogo ya mpira. Upande wa umeme wa plagi, safisha pointi za distribyuta na uziache nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40, plagi milimita 0.75 hadi 0.80, na waya zipangwe kwa mfuatano wa 1-3-4-2. Tapeti, yaani uwazi kati ya ncha ya vali na mkono unaoisukuma, zote nane ni milimita 0.25. Kuna kanuni nzuri ya kuziseti bila kubahatisha: hesabu vali kuanzia mbele, na vali yoyote ikiwa imefunguka kabisa, seti ile ambayo namba yake ikijumlishwa na ya hiyo iliyofunguka inapatikana 9. Ya 8 ikiwa wazi unaseti ya 1, ya 6 ikiwa wazi unaseti ya 3, na kuendelea hivyo.

Kuhusu injini ya Toyota, fikiri upya. Itabidi kuchongesha bamba la kuunganisha na giaboksi, kuhamisha mashikio ya injini kwenye chasisi ambayo bado hujaiamini, kubadilisha mfumo wa rejeta na ekzosi, na baadaye kurekebisha kadi ya gari, kwa kuwa namba ya injini imeandikwa humo. Giaboksi ya Series nayo haikuundwa kuhimili nguvu nyingi. Fedha zote hizo zingetosha kuifanyia injini ya mjomba matengenezo ya haki, na spea zake bado zinapatikana ukiagiza kutoka maduka ya Gerezani, Kariakoo.

Dereva wa Tandahimba amejibu:

Naheshimu maoni ya ndugu wa Masasi, lakini upande wa pili usemwe pia. Land Rover yangu iliwekwa dizeli, na ninapandisha nayo mizigo kutoka pwani hadi uwanda wa juu bila malalamiko. Injini ya petroli ya 109 ikiwa na mzigo hunywa lita moja kwa kilomita 5 au 6, na mtu mwenye shughuli za kila siku hawezi kuvumilia hesabu hiyo. Kwa mwalimu anayelitaka kwa safari za shamba chache kwa wiki, ninakubali kwamba kubadilisha si lazima. Kwa mfanyabiashara ningesema vingine.

Juu ya chasisi, sisi huku tunapuliza oili chafu ya injini chini ya gari kila kabla ya masika, na kutu haitusumbui. Ni njia isiyo na gharama, na namshauri mwalimu aifikirie.

Mzee wa Ligula amejibu:

Ndugu wa Tandahimba, hoja yako ya dizeli ina haki yake, na umeiwekea mpaka unaofaa. Hii ya oili chafu ndiyo ninayoipinga. Oili iliyokwisha kutumika imebeba asidi na masizi ya moto wa injini, inalainisha boshi za springi na mipira ya breki, inadondoka kwenye udongo ambamo watoto wanacheza na visima vinachotwa, na ikikutana na mchanga wetu hugeuka matope yanayoshikilia unyevu. Huko juu kwenye uwanda kuna hewa kavu kuliko ya bandarini, na nadhani sifa ambayo watu wanaipa oili ni ya hewa hiyo.

Mwalimu, baada ya kuchomelea fanya hivi. Sugua mpaka chuma kionekane, paka dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosforasi kwenye vishimo, suuza na ukaushe kama maelekezo ya kopo yanavyotaka, kisha rangi ya msingi yenye zinki, na juu yake rangi ngumu mikono miwili. Rangi ikishakauka, ingiza ndani ya maboksi nta maalumu ya chasisi. Ukiikosa, yeyusha grisi mpya kwa oili mpya na uipulize kwa bomba refu, mbali na breki na mipira. Na pale bati la alumini linaporudi kukaa juu ya chuma, paka rangi pande zote mbili na uweke utepe wa mpira katikati, ili metali hizo zisigusane tena.

Mwalimu wa Mikindani amejibu:

Nawashukuru sana wazee wangu na ndugu zangu. Nimeosha kama nilivyoelekezwa, kwa maji ya mvua, na uchafu uliotoka ndani ya mihimili ulikuwa mwekundu na mzito kwa muda mrefu kabla haujawa safi. Nyundo imenionyesha kwamba mhimili wa mwisho wa nyuma umekwisha, mashikio mawili ya springi za nyuma yamebonyea, na mkono mmoja wa pembeni upande wa dereva umetoboka. Mihimili mirefu inalia vizuri kuanzia mbele mpaka karibu na ekseli ya nyuma. Mchomeleaji amekuja kuangalia na anasema kazi inafanyika hapa hapa uwanjani. Injini imekubali hendeli baada ya kulowekwa, na vali zote zinashuka na kurudi.

Sasa naomba msaada wa breki. Nimefungua dramu moja ya mbele nikakuta vumbi jingi jeusi na unyevunyevu, na sijui kama nibadilishe mipira tu au silinda nzima.

Binti Fundi, Lindi, amejibu:

Mwalimu, shikamoo. Hapo kwenye vumbi simama kwanza, tafadhali. Viatu vya breki vya miaka hiyo vingi vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likivutwa huharibu mapafu kwa namna isiyotibika. Usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa kilicholowa, kitie kwenye mfuko na uufunge kabisa, na watoto wasikaribie mpaka umalize.

Gurudumu la mbele la 109 lina silinda mbili za breki na la nyuma lina moja, kwa hiyo jumla ni sita, na nakushauri ubadilishe zote pamoja na mipira mitatu inayopinda ya kupitishia mafuta ya breki: miwili ya mbele na mmoja unaoshukia ekseli ya nyuma. Kubadilisha vimpira vya ndani peke yake kunafaa ikiwa ukuta wa silinda ni laini kama kioo. Gari lililokaa pwani miaka mingi huwa na vishimo vya kutu mle ndani, na kila kishimo ni njia ya mafuta kuvuja na kisu cha kukatia mpira mpya. Masta silinda, ile inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali, uitazame kwa jicho hilo hilo. Magari mengi ya umri huu yana njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne, na maana yake ni kwamba ukivuja upande mmoja huna breki kabisa. Hapa ndipo ningekuomba uache kubana matumizi, hata kama rangi itasubiri mwaka mwingine.

Vijibomba vya chuma vinavyopita juu ya chasisi vitakuwa vimeliwa pale vinaposhikwa na vibanio. Vitoe wakati huu ambapo chasisi inachomelewa, na uweke vipya vya aloi ya shaba na nikeli, ambavyo havishiki kutu kwa chumvi. Mafuta ya breki yawe ya kiwango cha DOT 3 au DOT 4 kutoka kopo lililofunguliwa siku hiyo, kwani mafuta ya breki huvuta unyevu wa hewani, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Ukiona mtu anakuletea oili ya injini au dizeli ya kusafishia mipira ya breki, mzuie, maana mipira hiyo huvimba na kukwama.

Kutoa upepo kwenye breki za 109 kunawasumbua watu kwa sababu ya zile silinda mbili za mbele, ambazo huficha hewa. Kabla hujaanza, legeza virekebishi vya viatu kwenye magurudumu yote, springi zirudishe viatu na pistoni ndani kabisa, ili nafasi ya hewa kukaa iwe ndogo. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, mmoja akikanyaga pedali taratibu na mwingine akifungua na kufunga nipeli, na chombo cha mafuta juu kisikaukiwe hata mara moja. Mafuta yakitoka bila mapovu kote, kaza virekebishi mpaka kiatu kiguse dramu, kisha rudisha kidogo mpaka gurudumu lizunguke huru.

Jambo la mwisho linahusu usalama wako wakati unafanya yote haya. Breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu. Inashika mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu ya nyuma, ile gia inayoyagawia nguvu magurudumu mawili. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu huliruhusu lile lililo juu kuzunguka na lile lililo chini kuzunguka pia, na gari linaweza kuserereka kutoka kwenye jeki ingawa umevuta breki ya mkono mpaka mwisho. Kwa hiyo weka vizuizi vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini kabla hujagusa jeki. Ukimaliza kufunga breki zote, kanyaga pedali kwa nguvu na uishikilie kwa dakika nzima injini ikiwa imezimwa. Ikiendelea kuzama, hata polepole, gari lisitoke uwanjani mpaka umepata panapovuja.